Pumzi Ndani ya Santuri

Asubuhi ile mtu alikuwa ameshakiri, na Sajini alikuwa ameshaagiza chai ya kusherehekea.

"Afande, kesi imejifunga yenyewe," alisema, akivuta kiti. "Mtu kaja kwa miguu yake, kakaa, kasema ni yeye. Tunatafuta nini tena?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa maneno, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mweusi upande mmoja tangu ilipovunjika. Aliyasoma maelezo ya huyo aliyekiri, akayageuza, akayasoma tena kutoka mwisho.

Aliyeuawa alikuwa fundi sauti, mzee mwenye studio ndogo nyuma ya karakana ya useremala. Alikutwa chini katika chumba cha mitambo, kichwa kimepasuliwa kwa chuma cha kusimamishia kipaza sauti. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, hata maseremala jirani hawakusikia kitu. Pesa zilikuwemo mfukoni, saa mkononi. Kilichokosekana ni makasha ya kanda za zamani, zile kanda mama za santuri iliyompa jina: koncheto nne, tungo za baragumu moja na okestra ndogo.

Kila aliyependa muziki mjini aliijua santuri ile. Baragumu la shaba, lile lililojikunja kama konokono, limesimama mbele peke yake; nyuma yake fidla chache na zumari mbili zinalijibu kwa adabu. Picha juu ya jalada ilikuwa ya mtu mmoja. Magazeti yalimwita Bingwa, na jina likamganda hata mkewe akawa anamwita hivyo. Baada ya santuri ile Bingwa hakupuliza tena mbele ya watu. Alisema mtu mwenye heshima huondoka mezani angali na njaa, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Akawa mwalimu, akawa jaji wa mashindano, akazeeka ndani ya sifa.

Mwanzoni askari walimwandama muuza santuri kuukuu aliyekuwa akimsumbua fundi amuuzie kanda zile, na aliyesikika akifoka mlangoni kwake. Walipoteza muda wao bure. Siku ya tukio muuza santuri alikuwa hospitalini, ameshonwa ngiri, na manesi walikumbuka vizuri jinsi alivyolalamikia redio ya wodini.

Ndipo akaja Dogo.

Alikuwa mdogo wake Bingwa, toka nitoke, mtu wa nywele nyeupe na meno ya kuhesabu, lakini hakuna aliyewahi kumwita vingine. Katika okestra ile ya zamani yeye ndiye aliyekuwa baragumu la pili. Sasa alikuwa mlevi wa chumba cha kupanga. Alikaa mbele ya Inspekta mikono chini ya mapaja ili isionekane inavyotetemeka.

"Mzee, hebu nieleze tena," Inspekta alisema. "Kwa nini ulimpiga?"

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Mambo ya zamani."

"Watu hawapasuani vichwa kwa mambo ya zamani wakiwa hawajaonana miaka mingi."

Dogo alitazama ukuta. "Wengine hupasuana, afande."

"Sawa. Ukampiga, halafu?"

"Nikachukua kanda, nikaenda kuzichoma dampo, kule nyuma ya soko."

"Kwa nini kanda?"

"Hasira."

"Ulizibebaje?"

"Kwenye gunia. Zilikuwa nzito, nikawa napumzika njiani. Zilipoungua zilitoa moshi mweusi, unanuka kama mpira."

Sajini, aliyekuwa anaandika, aliinua macho kwa ushindi. Habari za moshi na harufu si za kutunga, macho yale yalisema. Inspekta alimuuliza Dogo kama ana njaa. Akasema hana. Inspekta akauliza kama kaka yake anajua yuko hapa.

"Kaka asiingizwe humu," Dogo alisema, na hilo peke yake alilisema kwa sauti ya mtu aliyeamka.

Walipotoka, Inspekta alimwambia Sajini achukue ufunguo wa gari.

"Tunakwenda dampo?"

"Studio."

Binti wa fundi aliwafungulia. Alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na ndiye aliyekuwa akiiendesha studio pamoja na baba yake. Hakuwakaribisha kukaa. Alisimama kando ya mlango kama mwenye nyumba anayengoja wageni wamalize kutazama alichokwisha poteza.

"Nimesikia mmempata," alisema.

"Tumempata aliyesema ni yeye," Inspekta alijibu. "Pole sana dada. Nitazunguka kidogo, sitagusa bila kukuuliza."

Rafu ya makasha ilikuwa na pengo upande wa juu, pana, lenye vumbi jepesi kuliko sehemu nyingine. Doa sakafuni lilikuwa limesuguliwa likabaki kivuli. Inspekta alipita chumba cha kurekodia, kuta zake zimefunikwa mazulia, akaingia jikoni: jiko la sahani moja, birika, vikombe, na kabati la bati lenye ukubwa wa sanduku la nguo. Juu ya mlango wa kabati lile palikuwa pamebandikwa kipimajoto kwa utepe.

Aliinama akakisoma. Kisha akafuata waya uliotoka nyuma ya kabati mpaka ukutani.

"Dada," aliita. "Hapa mlikuwa mnapika nini?"

Binti alikuja mpaka mlangoni. "Hilo si la chakula. Ni la kukaushia kanda. Kanda za zamani hunyonya unyevu, gundi yake inageuka ute, ukizicheza hivyo zinabanduka rangi na sauti inaondoka nayo. Baba huzipasha moto kidogo kwanza, halafu mtambo unajizima wenye—"

Mkono wake ukapanda mdomoni.

"Hujalifungua tangu msiba?"

"Sijaingia jikoni tangu tumzike."

Inspekta alivaa glovu, akavuta mlango. Ndani, juu ya vichanja vya waya, zilikuwa zimelazwa kanda, duara baada ya duara, kila moja na karatasi ndogo yenye mwandiko wa mzee. Koncheto ya kwanza. Ya pili. Zote zilikuwamo.

Sajini alipiga mluzi mdogo. "Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Makasha," binti alisema polepole. "Baba akizitoa kanda huacha makasha rafuni mahali pake, ili asichanganye. Yalikuwa matupu."

"Matupu," Inspekta alirudia. "Na mzee wetu kule mahabusu ameyabeba mpaka akawa anapumzika njiani." Alimgeukia Sajini. "Ule moshi wa kanda umetoka wapi, Sajini?"

Sajini alikuna shingo. "Amehadithiwa."

"Au amejazia mwenyewe. Mtu aliyekaa na kanda maisha yake anajua zinavyonuka zikiungua." Alivua glovu. "Dada, tangu baba afariki, nani amekuuliza habari za kanda hizi?"

"Waandishi. Yule wa santuri kuukuu, alimtuma mkewe, hana haya. Na Bingwa."

"Bingwa alikuuliza nini?"

"Alipiga simu siku ya mazishi kunipa pole. Akalia. Halafu akauliza kama baba hakuwa na tabia ya kuweka kanda mahali pengine, kwa rafiki au nyumbani. Nikamwambia polisi wamesema zimeibwa zote. Akasema anajua, lakini nitafute, huenda zipo."

Inspekta alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Nje msumeno wa maseremala ulilia, ukanyamaza.

"Mtu akiambiwa kitu kimeibwa humtafuta mwizi," alisema. "Anayeendelea kukitafuta kitu ni yule anayejua mwizi alirudi mikono mitupu. Tuzicheze."

Binti alisita, kisha akaichukua kanda ya koncheto ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Katika chumba cha mitambo aliifunga kwenye mtambo kwa vidole vya mtu anayemvisha mgonjwa. Kulitoka mkwaruzo, viti vinaburutwa, mtu anakohoa, fidla zinapimana. Kisha okestra ikaanza sehemu ya polepole, na baragumu likaingia juu yake. Hata Sajini, ambaye muziki wake ulikuwa wa harusi tu, aliacha kuchezea kofia. Kabla ya kila sentensi ya muziki pumzi ilisikika ikivutwa, ndefu, karibu sana, kama mtu amelala ubavuni mwako.

Katikati ya noti moja ndefu sauti ya mwanamume ilisema: "Polepole. Usiikimbize. Shikilia, shikilia hapo hapo." Noti ikaendelea chini ya maneno yale bila kutikisika.

Binti alisimamisha mtambo.

"Hiyo ni sauti ya Bingwa," alisema. "Imetoka chumba hiki. Tunacho kipaza sauti kidogo cha kusemea na wapigaji walioko kule ndani. Nadhani siku ile kilisahauliwa wazi, kikaingia kwenye kanda. Kwenye santuri baba alitumia mara nyingine waliyorudia."

"Si huenda anapuliza huku anasema?" Sajini aliuliza.

"Puliza moto huku unataja jina lako, kaka, tukuone."

Sajini hakujaribu.

Waliendelea kusikiliza. Mara kwa mara sauti ile ilirudi, inasahihisha, inakaripia. Na baada ya sehemu ya mwisho, sauti nyingine, changa, inayohema, kutoka mbali: "Kaka, imefaa?" Hakuna aliyeijibu. Kilichosikika ni Bingwa akimwambia mtu wa karibu yake: "Mpeni maji. Na asitoke nje mpaka waandishi waondoke."

Binti wa fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani. "Baba alikuwa anaandaa toleo jipya la santuri kutoka kanda hizi, akasema litakuwa na jina la aliyepuliza," alisema. "Nikadhani ni maneno ya uzee. Alisema kwanza atamwambia Bingwa mwenyewe, uso kwa uso, ndiyo uungwana." Alicheka kicheko kikavu. "Uungwana umemlipa."

Nyumba ya Bingwa ilikuwa na bustani iliyokatwa vizuri na sebule yenye picha nyingi za mtu mmoja. Mkewe aliwapokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuzoea kuongea chini mume anapofundisha. Bingwa alikuwa kwenye kiti chake, shali mabegani. Upande wa kushoto wa mdomo wake ulikuwa umelegea kidogo. Mtu angedhani ni uzee.

"Mama, siku ya tukio bwana alikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Hapa, na mimi. Nilishawaambia wenzako."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

Bingwa aliinua mkono. "Inspekta, msimsumbue mke wangu. Mdogo wangu amekiri, nami nimelia vya kutosha. Amekuwa na kijicho tangu utoto. Nilimlea baada ya wazazi kufariki, nikamfundisha ala, nikamtafutia kiti kwenye okestra. Akachagua chupa. Damu nzito kuliko maji, lakini kuna damu nyingine ni sumu."

"Anasema alizichoma kanda."

"Basi zimekwenda. Msiba juu ya msiba."

"Lakini ulimwambia binti wa marehemu azitafute."

Bingwa alivuta shali mabegani. "Nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtu akifiwa hushika hata jani."

"Kweli," Inspekta alisema. Alimpa Sajini ishara, naye akaingiza mtambo mdogo wa kuchezea kanda, akauweka mezani kati ya vikombe. Bingwa aliitazama ile duara ya kanda, na rangi ikamtoka usoni.

"Mama, una haki ya kutoka," Inspekta alimwambia mke.

"Hii ni koncheto ya tatu?" mke aliuliza, akisoma karatasi. "Basi sitoki. Hii ndiyo iliyonileta nyumba hii." Alitabasamu kwa aibu, kama msichana. "Niliisikia redioni, nikiwa naosha vyombo kwetu. Sehemu ya polepole. Niliwaambia dada zangu, anayepumua hivi ndiye nitakayeolewa naye. Walinicheka mwaka mzima."

"Zima," Bingwa alisema, ingawa kanda ilikuwa haijaanza.

Sajini alibonyeza. Baragumu likaingia, pumzi ikavutwa, mke akafumba macho. Noti ndefu ikapanda. Na juu yake sauti ya mumewe: "Polepole. Usiikimbize. Shikilia, shikilia hapo hapo."

Macho ya mke yalifunguka. Hakumtazama mumewe mara moja. Aliutazama mtambo, akangoja noti ile iishe, na ilipoisha ndipo akageuza kichwa.

"Unaongea na nani?"

Bingwa aliendelea kuutazama mtambo.

"Nakuuliza, Bingwa. Ni nani anapumua?"

"Mdomo wangu ulikuwa umepooza," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Wiki chache kabla. Mkataba umesainiwa, okestra imekodiwa, ningefanya nini? Yeye alikuwa na mdomo mzima. Mimi ndiye niliyemfundisha kila noti. Kila noti, kila pumzi, wapi avute, wapi aachie. Pumzi ilikuwa yake, muziki ulikuwa wangu. Wewe uliolewa na muziki."

"Mimi niliolewa na pumzi," mke alisema.

Alinyanyuka, akakusanya vikombe ingawa hakuna aliyemaliza, akavirudisha mezani vilevile. Alipoongea tena, aliongea na Inspekta.

"Siku ile hakuwa nyumbani. Alitoka mvua ikianza, akarudi imekatika, viatu vimelowa, na gunia. Alisema ni karatasi za wanafunzi, hazina kazi. Alizichoma nyuma, kwenye pipa. Yalikuwa maboksi. Nilishangaa anayafungua moja moja kabla ya kuyatia motoni, anatazama ndani, anatukana. Alinambia nikiulizwa niseme alikuwa hapa, ili jina lake lisichafuliwe bure. Nikasema sawa. Mume akiomba kitu kidogo hivyo."

Walikuta pipa, na chini ya majivu pembe ya kasha isiyoungua yenye mwandiko wa fundi. Bingwa alipofungwa pingu aliomba avae koti zuri, kwa kuwa majirani walikuwa nje. Mkewe alimletea. Hakumsaidia kuvaa.

Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, Dogo alikuwa ameshajua. Habari ndani ya kituo hupita kwenye nyufa.

"Nani alikuomba unitoe?" Dogo alimuuliza Inspekta.

"Umekiri kosa la mtu mwingine, mzee. Hilo nalo ni kosa, lakini sitalifuata. Uko huru."

"Nakuuliza, mama, nani alikuomba?"

Inspekta alikaa karibu naye kwenye benchi. "Kaka yako alikuahidi nini? Pesa?"

Dogo alitikisa kichwa, karibu acheke. "Alikuja chumbani kwangu. Mwenyewe, si kumtuma mtu. Hajawahi kukanyaga pale. Akakaa kitandani, hakuna kiti. Akaniita ndugu yangu. Akasema, wewe ukifungwa nani atajua, mimi nikifungwa santuri zote zitatupwa, na zako humo humo. Akasema atakuja kunitazama kila Jumapili." Alitoa mikono chini ya mapaja, akaiacha itetemeke. "Nilifikiri, kila Jumapili. Tungezungumza."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kanda zote ziko salama. Binti wa fundi amesema ukitaka kuzisikiliza, mlango uko wazi."

"Sina haja. Nilikuwepo."

"Nitakuhitaji mahakamani ueleze nani alipuliza."

"Kanda si inajieleza?"

"Inajieleza nusu. Sauti ya kaka yako inajulikana. Ya kwako hakuna anayeijua."

Dogo aliomba kamba za viatu vyake, ambazo walikuwa wamezitoa alipoingia. Sajini alimletea, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwita mzee wangu, akainama kumsaidia kuzifunga.

Kwenye ngazi za kituo waandishi walikuwa wamejaa. Wengi walikimbilia lango la nyuma kulikosemekana gari la Bingwa litatokea. Alibaki mmoja, kijana wa kike mwenye kinasa sauti, aliyechelewa. Alimwona Dogo akishuka taratibu, ameshika ukuta, akamsogelea.

"Shikamoo mzee. Samahani, wewe ni wa familia ya Bingwa?"

"Marahaba. Mimi mdogo wake."

"Pole sana. Na wewe ulikuwa mwanamuziki?"

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, hatua chache tu. Alimwona Dogo akivuta pumzi, ndefu, kutoka chini kabisa ya kifua, mabega yakipanda.

"Nilikuwa napuliza kidogo zamani," Dogo alisema. "Si kama yeye."

Kijana alimshukuru, akazima kinasa sauti, akakimbilia lango la nyuma.